Lubugo, Mgomba au Rexine: Mnunuzi wa Kampala Analipia Nini?

Ukipeleka makochi Nsambya au Ndeeba kuvishwa upya, fundi atakuuliza swali moja tu: kitambaa au rexine, yaani ngozi bandia? Lubugo, kitambaa cha gome la mti, hataitaja, ingawa anaijua vizuri. Kwa Muganda, lubugo ni nguo ya kuzikia na ya kumtawazia Kabaka, si kitu cha kukalia. Lakini siku hizi mikahawa na ofisi za Kampala zinataka sura ya kienyeji, mazulia ya nyuzi za mgomba yanauzwa kwa watu wa mjini, na vikombe vya kahawa vinajitangaza kuwa vimetokana na mahindi. Vingi kati ya hivi bei yake iko juu ya vile vya plastiki vinavyoshushwa kwenye maduka ya jumla ya Kikuubo.

Msimamo wangu nautoa mapema. Neno "asilia" peke yake halistahili hata shilingi mia ya ziada. Unacholipia ni saa za mikono ya mtu, na swali la kuuliza kabla ya kutoa pesa ni hili: kitu hiki kitalowa mara ngapi maishani mwake?

Nianze na lubugo, kwa sababu ndiyo yenye historia ndefu na ndiyo ambayo wateja wanaielewa vibaya zaidi. Haifumwi. Ni gome la ndani la mti wa mutuba, ambao wataalamu wa mimea huuita Ficus natalensis, linalobanduliwa msimu wa mvua likiwa laini, kisha kupondwa kwa nyundo za mti ziitwazo ensaamu. Nyundo hizo zina mifereji: huanza ile ya mifereji mipana, humalizia ile ya mifereji myembamba, na gome linazidi kutanuka hadi mtu mzima anaweza kujitanda nalo. Kazi hufanyika chini ya kibanda kilicho wazi pembeni, maana gome likikauka haraka linaharibika. Baadaye hutandazwa juani, na hapo ndipo rangi ya udongo mwekundu inapotokea. Kimila ufundi huu ni wa ukoo wa Ngonge. UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa pekee wa wanadamu mwaka 2005, kisha mwaka 2008 ukaingizwa kwenye orodha yake ya urithi usioshikika.

Mti haukatwi. Baada ya kubanduliwa, shina hufungwa majani ya mgomba ili lisikauke, gome jipya linaota, na mwaka mwingine linavunwa tena. Mutuba huohuo unatia kivuli kahawa na migomba shambani. Kwa hiyo muuzaji akikwambia lubugo haimalizi msitu, mwamini. Ni moja ya madai machache ya aina hiyo ambayo ni kweli bila nyota wala maandishi madogo chini.

Kinachopandisha bei ni kuponda. Lubugo inayouzwa sokoni imepitia mkono wa mkomazi, yaani fundi wa kuiponda, mwanzo hadi mwisho, na wakomazi ni wachache kwa sababu vijana wengi wa Mawokota na Masaka wameona boda boda inalipa haraka zaidi. Halafu kuna mteja mmoja ambaye hapatani bei kwa muda mrefu: familia iliyofiwa. Mbunifu wa ndani anayetaka vipande kumi kwa ajili ya ukuta wa hoteli anashindana na msiba, na msiba haungoji. Usishangae basi ukiambiwa bei moja leo na nyingine wiki ijayo.

Namna ya kuikagua ni rahisi. Kinyanyue kipande chote kielekee mwanga. Lubugo nzuri inapitisha mwanga kwa usawa, kama jani lililokauka. Mbaya ina sehemu nyeusi nene zikifuatwa na sehemu zinazokaribia kutoboka. Pitisha kiganja juu yake utasikia mistari midogo ya nyundo. Ikiwa mipana na inakwaruza, kuponda hakukumalizwa. Utaona pia viraka, vilivyoshonwa kwa mkono mahali palipokuwa na tundu la tawi. Viraka si udanganyifu, ni sehemu ya ufundi, na wabunifu wengine huvitafuta makusudi. Ila vihesabu. Kingo nazo hazijanyooka, na hapo ndipo bajeti nyingi zinapopasuka.

Fanya hesabu hivi, ukiweka bei utakazopewa sokoni badala ya hizi zangu za mfano. Tuseme kipande kinauzwa shilingi 80,000 na kina mita 4 za mraba. Ukiondoa kingo na sehemu dhaifu, zinabaki 3. Bei yako si 20,000 kwa mita ya mraba bali karibu 26,700. Lubugo inayobandikwa ukutani au kushonwa mkoba inahitaji kitambaa cha pamba nyuma yake ili isichanike, weka 8,000. Umefika 34,700 kwa mita ya mraba kabla ya kumlipa fundi. Rexine, tuseme 15,000 kwa mita ya mraba, inakuja kwenye rola yenye upana mmoja na haina tundu hata moja. Kwa ukuta wa mita 6 za mraba, tofauti ni kama shilingi 118,000. Hiyo ndiyo bei ya kweli ya urembo wako, na kwa ukuta wa mapokezi ambao hakuna anayeuegemea wala kuumwagia chai, mimi ningeilipa bila kusita. Ukuta huo utazeeka vizuri. Rexine ya bei ya chini iliyowekwa dirishani huanza kupasuka na kumenyeka, na ikishamenyeka haina dawa.

Kochi ni habari nyingine. Lubugo ikilowa inalegea, ikisuguliwa ikiwa imelowa inachanika, na haiwezi kupigwa maji na sabuni kila Jumamosi kama nyumba nyingi za Kampala zinavyofanya. Mtoto akimwaga juisi umekwisha. Kwa viti vya kulia chakula, nunua pamba nzito au rexine nzuri, na lubugo uiweke kwenye mgongo wa kiti kwa nyuma, mahali inapoonekana na haiguswi. Mafundi wenye akili wanafanya hivyo tayari.

Hapa ndipo utafiti unapoingia. Samson Rwawiire, mhandisi wa nguo wa Chuo Kikuu cha Busitema, alifanya utafiti wake wa uzamivu huko Liberec, Jamhuri ya Czech, akiichanganya lubugo na epoksi kupata nyenzo mseto ngumu. Mwaka 2015 yeye na wenzake walichapisha kazi iliyopendekeza nyenzo hiyo kwa dashibodi za magari. Kampuni ya familia ya Mary Barongo-Heintz na Oliver Heintz, yenye mguu mmoja Uganda na mwingine Ujerumani, inauza lubugo iliyoimarishwa kwa jina la Barktex kwa wasanifu wa majengo wa Ulaya, zikiwemo aina zilizotiwa dawa ya kuzuia moto. Yote hayo yanathibitisha kwamba udhaifu wa lubugo unatibika. Lakini dawa ina gharama mbili. Ya kwanza ni pesa. Ya pili haisemwi dukani: lubugo iliyokunywa epoksi ya kawaida haiozi tena shambani. Rwawiire na wenzake walitumia epoksi iliyotokana kwa sehemu na mimea, na bado hiyo si sawa na gome tupu. Kwa hiyo ukinunua mkoba au kava ya kompyuta yenye lubugo ng'avu isiyopenya maji, uliza imepakwa nini. Nta ya nyuki? Vanishi ya mbao? Ukijibiwa "ni ya asili tu, nnyabo," jibu halijatolewa.

Kuhusu moto, usidharau. Lubugo kavu inashika upesi. Tarehe 16 Machi 2010 nyumba kuu ya makaburi ya makabaka huko Kasubi, Muzibu Azaala Mpanga, iliteketea. Ilikuwa ya nyasi, miti na matete, na ndani yake pazia la lubugo ndilo lililotenga sehemu takatifu. Ujenzi upya ulichukua zaidi ya miaka kumi, na ni mwaka 2023 tu UNESCO ilipoitoa Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mwenye mkahawa anayetaka kufunika ukuta ulio karibu na jiko aweke vigae hapo, lubugo aipeleke upande wa pili.

Na kuna wageni. Nimeona watu wazima wakisita mlangoni mwa chumba kilichofunikwa lubugo toka dari hadi sakafu, kwa sababu mara ya mwisho walipoiona kwa wingi hivyo ilikuwa kwenye maziko. Mchoraji Fred Mutebi na mbunifu wa mavazi José Hendo, anayefanya kazi London, wameonyesha kwamba kitambaa hiki kinaweza kuishi nje ya kaburi, na heshima yao ni kubwa. Hata hivyo biashara yako inapokea wateja wa kila rika. Ukuta mmoja unatosha. Ile nyeupe au nyeusi, ambayo kimila ni ya wafalme na machifu, mimi ningeiacha hata kama nina pesa.

Nyuzi za mgomba zina simulizi tofauti. Malighafi yake ni takataka kwelikweli: mgomba ukishazaa mkungu mmoja shina lake linakufa, linakatwa, na nchi inayokula matooke kila siku ina mashina yasiyohesabika. Kampuni ya TexFad, iliyoanzishwa na Kimani Muturi na yenye makao Mukono, huyapitisha mashina kwenye mashine, hutoa nyuzi, huzikausha na kufuma mazulia. Imetengeneza hata nywele za kusukia. Utasikia watu wakisema, kama malighafi ni bure mbona zulia ni ghali? Kwa sababu zaidi ya asilimia 90 ya shina ni maji. Unabeba lori la maji kutoka shambani ili upate fungu dogo la nyuzi, halafu mtu aketi kwenye mtambo wa kufumia kwa siku kadhaa. Tena unalipia mikono, na mafuta ya lori.

Zulia la mgomba linafaa chumba cha kulala na sebule kavu. Lishike kwa kucha, uvute uzi mmoja pembeni: likitoa vumbi jingi na vipande vifupi, litakuwa linamwaga nyuzi mwaka mzima. Geuza upande wa chini uone kama limepakwa mpira ili lisiteleze. Hilo si kosa, ila linabadilisha maana ya "asilia kwa asilimia mia". Varanda ya Kampala inayopigwa na mvua ya alasiri si mahali pake. Ukungu utaingia na hautatoka. Huko nunua mkeka wa plastiki, na usione aibu. Utaufagia, utauosha, utadumu. Au fanya kama wanavyofanya wengi: mkeka wa ukindu wa rangi, uliosukwa na akina mama wa vijijini, ambao kwa bei ya zulia moja la mgomba unapata kadhaa. Mikeka hii inauzwa kwa unyenyekevu mno. Msanii Acaye Kerunen alichukua kazi za wasusi wa aina hii, za nyuzi za mgomba, chane na matete, akazipeleka Venice mwaka 2022 Uganda ilipokuwa na banda lake la kwanza kwenye maonyesho ya sanaa ya Biennale, na banda likatajwa kwa heshima na waamuzi. Sokoni, msusi bado anapunjwa bei.

Kwa vifungashio nitapita haraka, maana hapa ndipo mnunuzi anapopigwa zaidi. Kikombe cha plastiki ya mahindi kinahitaji mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi 55 hadi 60 kwa wiki kadhaa ili kioze. Kwa miaka mingi taka za Kampala ziliishia Kiteezi, jalala lile lililoporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30. Mule kikombe cha mahindi na cha mafuta ya petroli vilikuwa na hatima moja. Mwenye mkahawa anayelipa zaidi kwa kikombe hicho ananunua maandishi ya kijani yaliyo ubavuni. Mfuko wa pamba nao una hesabu yake: mwaka 2018 idara ya mazingira ya Denmark ilikadiria kwamba mfuko wa pamba ya kawaida ni lazima utumike mara 52 ndipo uushinde ule mwepesi wa plastiki kwa athari za tabianchi, na mara 7,100 ukipima kila aina ya athari. Ninao mmoja naupenda. Wanaogawa mifuko mitano kwenye kila kongamano la mazingira pale Munyonyo, sijui wanapima nini. Kaveera, yaani mfuko wa plastiki, nyembamba chini ya maikroni 30 imepigwa marufuku tangu 2009, sheria ya mazingira ya 2019 ikarudia, na bado nyanya za soko la Kalerwe zinafungwa humo. Wakati huohuo, hatua chache kutoka kwa muuza nyanya, anakaa mama anayeuza majani ya mgomba kwa fungu: yanafunga chakula, yanavumilia mvuke kwa saa nyingi, yakitupwa mbuzi anakula. Ni kifungashio cha mimea cha bei ya chini kuliko vyote mjini, na hakina nembo.

Kuna bidhaa moja ambayo swali la maji linageuka kabisa, kwa sababu kazi yake ni kulowa kisha kutupwa: pedi. Moses Musaazi, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Makerere, alibuni MakaPads akitumia mafunjo na karatasi zilizotumika. Mafunjo hukatwa, humenywa, hupondwa na kukaushwa, kisha hulainishwa hadi yanyonye. Kampuni yake ya Technology for Tomorrow ilizitengeneza Kampala, na pia kambini Kyaka II, ambako wakimbizi wengi ni Wakongo, wanawake wakilipwa kwa kazi hiyo. Mafunjo yanaota tena yakikatwa kwa kiasi, na bidhaa haihitaji kudumu. Hapo nyenzo ya mimea haiwi pambo. Inafanya kazi ileile inayofanywa na iliyoagizwa nje, na inashindana nayo kwa bei.

Mshindani wake wa kweli ni pedi ya kufuliwa. AFRIpads, zinazotengenezwa Uganda tangu 2010, zinakusudiwa kutumika kwa mwaka mmoja au zaidi, na kitambaa chake kwa sehemu kubwa ni cha viwandani, si cha mimea. Kwa hesabu ya mfano: pakiti ya kutupa ya shilingi 4,000 kwa hedhi 13 za mwaka ni 52,000, seti ya kufua, tuseme 25,000, inaonekana nusu yake. Ongeza sabuni, na ongeza jerikani ya maji kama unanunua kwa jerikani. Bado inashinda kwa pesa. Isiposhinda ni kwa sababu ya kamba ya kuanikia. Msichana anayekaa Bwaise kwenye ua wa wapangaji kumi hana mahali pa kuanika juani bila macho ya majirani, na pedi isiyokauka vizuri ni hatari kwake. Kwake ya mafunjo au nyingine ya kutupa ndiyo chaguo la busara. Kwa aliye na bafu lake na ua wake, ya kufua, hata kama si ya mimea.

Nikirudi kwa mwenye mkahawa au ofisi: fedha ya kwanza ya nyenzo asilia iende kwenye ukuta mmoja wa lubugo na taa zilizofunikwa kwayo, kwa sababu mwanga ukipita ndani yake hakuna kitambaa cha kiwandani kinachofanana. Tumia balbu za LED zisizochoma. Ya pili iende kwenye mikeka ya ukindu. Zulia la mgomba lije la tatu. Viti vinunue hapahapa kwa mafundi wa mbao. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango cha ushuru cha asilimia 35 kinachogusa samani zinazotoka nje, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inakuja juu yake. Vikombe vinunue vya udongo au vya glasi, uajiri mtu wa kuviosha.

Kama ni oda kubwa ya lubugo, itoe kabla ya mvua, yaani Februari kwa msimu wa Machi hadi Mei, au Agosti kwa ule wa Septemba hadi Novemba. Nenda mwenyewe hadi kijijini au mtume mtu unayemwamini, lipa nusu mbele, na elewaneni kwa maandishi kuhusu idadi ya vipande, si mita, kwa kuwa mkomazi hapimi kwa mita. Vichukue vyote kwa mara moja pamoja na viwili vya akiba. Rangi ya mti mmoja si ya mti mwingine, na kipande utakachokwenda kununua soko la Owino miezi sita baadaye ili kuziba pengo hakitafanana na ulivyonavyo ukutani.